Vinu vya Harusi ya Shemeji

Miguu yangu haijawahi kukubali kukaa mahali pamoja. Nimeishi Pangani, nimeishi Unguja, na sasa niko Tabora, ambako mpunga hutwangwa kimyakimya kana kwamba kuna maiti ndani. Kila nikisikia michi ya hapa, nakumbuka ua wa mama mkwe wangu kule Bagamoyo, miaka ile kabla Wadachi hawajaja, na wivu hunipanda upya.

Mdogo wa mume wangu alikuwa anaoa. Wageni walialikwa kutoka Kaole, Winde na Saadani, na mpunga ulijaa chumba kizima. Mpunga wa karamu kama ile hautwangwi na watu wa nyumba moja. Huja wanawake wa mji, waungwana wenye nyumba zao, na hawalipwi kitu. Leo kwako, kesho kwangu. Mama mkwe alinikabidhi wanawake hao. Akaniambia nikiwatunza mpaka mpunga uishe, siku ya karamu ni mimi nitakayeshika kibaba na kuwapimia wapishi mchele. Kwetu anayeshika kibaba ndiye mwanamke wa nyumba. Mimi nilikuwa nimeolewa siku nyingi, sina mtoto, na majirani bado waliniita mgeni. Nilikitaka kibaba kile kuliko chakula.

Basi nilizunguka nyumba kwa nyumba na tambuu, nikaalika kwa adabu. Nilitandika mikeka upande wa kivuli, nikaweka madafu, na mafuta ya nazi ya kupaka viganja. Nilimwomba bibi mmoja awashike watoto wachanga ili mama zao watwange kwa raha. Asubuhi walitwanga vizuri. Jua lilipopanda wakaanza kuaga: huyu ameacha chungu motoni, yule mumewe anarudi kutoka shamba. Sikuwa na haki ya kumzuia mtu.

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia, ametoka Saadani kwa ajili ya harusi ya ndugu yake. Vumbi la njia lilikuwa bado miguuni. Akaamkia wakubwa, akaketi kwenye mkeka nilioutandika mimi, akatia kinywani tambuu niliyoikunja mimi, akavitazama vinu. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, iwapo wanawake wa mtaa wa pwani wanautwanga mpunga au wanaubembeleza ulale. Wa mtaa wa juu wakacheka. Akawageukia na wao.

"Nyie mnacheka nini? Michi yenu nimeisikia tangu njiani, nikadhani kuku anadonoa."

Waliokuwa wameaga wakavua tena mitandio. Wifi akavigawa vinu kwa mitaa, akaanza kuimba, kila ubeti anamchokoza mtu mmoja, na anayechokozwa huinua mchi kama anataka kutoboa mawingu. Kesho yake walikuja wengi kuliko jana, na mlangoni hawakuniuliza hali yangu. Waliuliza, "Wifi yako kaamka?"

Niliichukia sauti yake, na ilikuwa sauti nzuri. Nilichukia jinsi mume wangu alivyosimama mlangoni kumsikiliza. Madafu waliyanywa, mafuta waliyapaka, watoto walilala mapajani kwa bibi, na hakuna aliyejiuliza vitu hivyo vimetoka wapi.

Alasiri nilichukua ungo kupepeta, nikaona chenga, chenga tupu. Kwa kushindana walikuwa wakiuvunja mchele, na pilau ya wageni haipikwi kwa chenga. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliupeleka ungo katikati ya ua ili wote waone.

"Tazameni mnachokitwanga," nikasema. "Huu ni mchele au chakula cha kuku?"

Michi ikanyamaza. Mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa juu aliuegemeza mchi wake ukutani.

"Mwanangu, mimi nimekuja kwa heshima ya mama wa nyumba hii. Hukuninunua."

Wengine nao wakaanza kujifunga leso waondoke. Wifi alikuwa amewaambia mabaya kuliko hayo kutwa nzima, nao wakamcheka. Alizaliwa kati yao. Mimi nilisema neno moja tu, na hata leo nasema lilikuwa la kweli.

Wifi aliuchukua ungo mikononi mwangu, akazitazama zile chenga. "Hizi tumwekee bwana harusi uji," akasema. "Akitoka fungate hatakuwa na nguvu ya kutafuna."

Yule mama akacheka wa kwanza. Wifi akamshika mkono, akamrudisha kinuni, akatangaza kwamba mtaa utakaoshinda sasa ni ule ambao ungo wake hauna chenga. Wakatwanga taratibu, kwa wimbo wa chini, mpaka mpunga ukaisha.

Asubuhi ya karamu nilivaa leso mpya, nikasimama karibu na mlango wa ghala. Mama mkwe alitoka na kibaba, akanipita, akampa binti yake. Wifi alikigeuzageuza.

"Mama, mimi karamu ikiisha narudi kwangu Saadani. Mpe mwenye nyumba."

Akakitia mkononi mwangu yeye mwenyewe, akatabasamu. Niliuchunguza uso ule kama una hila, sikuiona.

Nilipima mchele kutwa. Sikumwaga punje, na wapishi waliniita mwenye nyumba. Uani walikuwa wakiimba naye, wakibishana ni mtaa upi ulioshinda. Kila nilipoinama kuchota, nilikiona kibaba kikiwa mkononi mwake kwanza, ndipo mkononi mwangu.