Barua Niliyoinywa

Mwaka wa vita vya maji, sisi wanawake wa Mtunda tuliacha kulitaja neno hilo. Hakuna aliyetukataza. Lilituhama lenyewe mdomoni tangu siku askari wa Mdachi walipomkuta mzee mmoja na kibuyu kidogo kiunoni, wakamcharaza viboko uwanjani kwa jumbe wakisema amebeba dawa ya vita. Kibuyu kilipofunguliwa kikatoka uto wa ufuta. Uto wa kujipaka miguu, basi! Toka hapo, mtu akienda kisimani alisema "nakwenda kuteka" akaishia hapo, na mwenye kiu alisema "nipe ya kunywa." Nikikumbuka sasa nacheka mpaka machozi. Watu wa bonde la Rufiji, mto unatupigia hodi mlangoni kila masika, halafu tunaogopa kuyataja maji.

Kwa asiyejua, vita vile vilianzia kule vilimani kusini, kwa Wamatumbi, kwa uchungu wa kulimishwa pamba kwa kiboko. Waliokwenda kupigana walipewa maji yenye dawa, wakaahidiwa kwamba risasi za Mdachi zikiwafikia zitageuka maji. Kwetu walipita watu wakiwataka wanaume waende kuipokea dawa hiyo. Baada yao wakapita askari, nao wakiwataka wanaume hao hao wakabebe mizigo.

Mume wangu hakutaka kubeba mzigo wala kunywa dawa. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kusuka mitego ya samaki, na akikasirika alikuwa anakohoa tu. Asubuhi moja ya msimu wa kufyeka mashamba aliniambia ataondoka, akajifiche mahali mpaka mambo yatulie. Mimi nilikuwa na panga mkononi, jasho linanitiririka, nusu ya shamba bado pori.

"Uniachie pori hili mimi na mtoto?" nilimuuliza.

"Wakinikamata utafyeka peke yako vilevile, mama."

Alisema kweli, na ndiyo maana nikapandwa na hasira zaidi. Nilimwambia, "Haya nenda. Na huko uendako usiniletee habari. Sitaki kukusikia."

Akakohoa. Akachukua shoka lake na mkeka, akapita kando ya shamba bila kugeuka nyuma. Mdomo wangu huu! Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na ulimi kwanza, mwili ukafuata. Siku ile nilifyeka mpaka jua likazama nikijiambia kwamba atarudi kesho. Kesho haikuwa na mtu, na hakuna aliyejua ameelekea wapi.

Tulibaki wawili, mimi na binti yangu wa miaka tisa hivi. Alikuwa anasoma chuoni kwa mwalimu wetu wa kijiji, barazani kwake, watoto kumi na kitu wamekaa juu ya jamvi wakiyumba mbele na nyuma. Vita vilikuwapo, lakini chuo hakikufungwa. Nikiwa shambani nilizisikia sauti zao zikipanda na kushuka kwa ule mghano wa chuoni, na ya kwangu niliitambua, maana ilikuwa nyembamba na haikupumzika mahali wenzake walipopumzika. Sauti ile ninaitamani mpaka leo. Pakiwa kimya mchana, masikio yangu huitafuta.

Vitu vyake vya chuo vilikaa katika mkoba wa ukili niliomsukia mwenyewe: ubao, kalamu ya mtete, kidau cha wino wa masizi, na juzuu yake iliyochakaa. Mkoba huo aliulinda kuliko kitu chochote. Ilipoingia masika, paa letu likawa linavuja, naye akawa anauhamisha kutoka pembe hadi pembe kama kuku mwenye vifaranga.

Ijumaa moja hakukuwa na chuo, naye alikwenda kuchuma kisamvu. Nilipoona tone linadondokea mkoba, niliufungua ili nivianike vitu vyake mekoni. Katikati ya juzuu nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kwetu karatasi haikuwa kitu cha kuokotwa njiani. Karatasi ilikuwa ya mwalimu, ya akida, au ya Mdachi. Niliikunjua. Ilijaa maandishi ya wino mweusi, mwandiko wa mkono nisioujua, si wa mwalimu na si wa mtoto. Mimi nilikuwa sikusoma. Nilipokuwa mdogo nilikaa chuoni siku chache tu kabla ya kupelekwa kuamia ndege shambani, nikatoka na alifu, be, te mpaka kwenye jimu, na ile mimu ya jina la Mtume ambayo kila mtu anaijua. Juu kabisa niliitambua Bismillahi kwa umbo lake. Nikashuka na kidole. Katikati ya karatasi, kidole kikasimama. Mimu. Alifu. Jimu.

Nilizirudia mara tatu, nikitumai zitabadilika. Maji.

Nikakaa chini pale pale. Neno ambalo hatuthubutu kulisema kisimani limo kwenye mkoba wa mwanangu, limeandikwa kwa wino! Kichwani nilishamwona yule mzee wa uto wa ufuta amelala kifudifudi uwanjani. Nikajua kabisa kwamba kuna mtu anawatumia watoto wa chuo kupitisha maneno ya vita, na kwamba askari wakipekua nyumba, mwanangu ndiye atakayeburutwa. Hata sikujiuliza swali la pili. Mimi nikishajua kitu, nimejua.

Sasa niifanye nini? Kuichoma sikuweza, ina jina la Mungu. Kuitupa chooni au jaani ndiyo dhambi zaidi. Lakini kila mtu wa kwetu anajua maandishi yenye jina la Mungu yanaondokaje. Mgonjwa akiandikiwa kombe, aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa, akanywa. Hata maji ya kuoshea mbao za chuoni hayamwagwi mahali panapokanyagwa. Basi nikachukua bakuli, nikamimina maji, nikailaza karatasi humo ndani, nikaisugua taratibu kwa kidole gumba. Wino wa masizi hauna ubishi. Ulitoka mstari baada ya mstari mpaka maji yakawa ya kijivu.

Nikasema Bismillahi, nikayanywa yote. Yalikuwa machungu kidogo, yana ladha ya moshi. Nikajisifu, wallahi. Nilijiona mwanamke mwerevu kuliko wote wa Mtunda.

Binti yangu aliporudi na kisamvu chake aliiona karatasi nyeupe imeanikwa juu ya figa. Alikidondosha kisamvu.

"Mama, maandishi yako wapi?"

"Yako tumboni mwangu. Na wewe utaniambia leo nani alikupa uchafu ule."

"Mama! Ile barua ya baba!"

Alilia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho, hata alipoungua mguu. Katikati ya kilio nilipata habari yenyewe kipande kipande. Siku nane nyuma, mtu mmoja aliyekuja kwa mtumbwi kuuza chumvi alipita chuoni, akauliza mtoto wa fundi mitego ni yupi, akampa karatasi ile na kumwambia, "Mpe mama'ako mkononi." Naye hakunipa. Alikuwa ameanza kuunganisha herufi, na mwalimu alishamsifu. Alitaka ajifunze kuisoma yote kwanza, halafu siku moja anikalishe kitako na kunisomea mwenyewe, bila kwenda kwa mwalimu wala kwa mtu mwingine.

Nilimpiga kofi. Kisha nikaitazama ile karatasi nyeupe, nikaona kofi lile lilikuwa la nani. Nikamvuta mapajani, tukalia pamoja mpaka uji ukaungua.

Jioni, macho yake yamevimba, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimeihifadhi. Lakini si yote."

Watoto wa chuo wanajua kusoma kwa namna moja tu. Wanaghani mstari mpaka uingie moyoni, ndipo waende kwenye mstari unaofuata. Hivyo ndivyo alivyoisoma barua ya baba yake, huko nyuma ya nyumba, mstari mmoja kila siku akiumaliza ugumu wake. Akakaa kitako, akakunja miguu, akaanza kuyumba mbele na nyuma. Akaisoma kwa mghano ule ule wa Kurani:

"Bismillahi. Kwa mke wangu, salamu sana. Wa baadu, mimi mzima. Nipo visiwani kwenye mikoko, nakata boriti. Maji yakishuka nitakuja. Na wewe..."

Akaacha kuyumba.

"Endelea," nikamwambia.

"Niliishia hapo. Kesho ningeanza mstari ule mwingine."

Maji yakishuka! Maji ya mto, jamani. Maji ya masika ambayo kila mtu wa bonde anayapimia safari zake. Mume wangu aliandikisha neno la kawaida kuliko yote ya kwetu, nami nikaliona kuwa ni vita. Na baada ya neno hilo palikuwa na mistari mingine minne au mitano. Niliihesabu kwa kidole wakati naisugua, wala sikujua nahesabu nini. Na wewe. Na wewe nimekusamehe? Na wewe nimekuacha, maana ndivyo ulivyotaka? Mtu niliyemwambia asiniletee habari alimtafuta mwandishi katikati ya mikoko akaniletea, na mimi nikainywa kama dawa ya minyoo.

Muuza chumvi hakupita tena. Mwalimu nilimpelekea ile karatasi, akaigeuza kwenye jua huku na huku, akasema, "Hapa, mwanangu, imebaki karatasi tu." Mto ulikaa umejaa wiki nyingi. Ulipoanza kushuka, nilikuwa nakwenda ukingoni kila siku na mwanangu, tunaitazama mitumbwi ya boriti ikipanda, tunauliza. Wengine walisema wamemwona, wengine walisema huyo ni mwingine, mwenye kovu. Maji yalishuka mpaka tukavuna, na baadaye ikaja ile njaa iliyofuata vita, watu wakachimba mizizi. Masika mengine yakaja, mto ukajaa tena. Hakuja.

Njaa ilipolegea, nilikwenda chuoni kwa mwalimu nikakaa juu ya jamvi na watoto. Walicheka mpaka wakalala. Mwalimu naye akanitania, "Weye mama, unataka uwe kadhi?" Nikamwambia nataka kujua kinachofuata baada ya jimu. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinishikia kidole, nikikosea ananifinya, na alinifinya kwa furaha kubwa. Siku zile, na njaa yetu, na paa letu linalovuja, na mwanangu akinikemea "Mama, hiyo si nuni, hiyo ni be, angalia nukta!", nimezipenda kuliko siku zote nilizowahi kupewa. Hivi ninavyoandika, naandika kwa herufi alizonifundisha yeye.

Sasa mimi ni kikongwe, nakaa Kibiti, karibu na barabara, magari yanapita yananitimulia vumbi mlangoni. Binti yangu yuko Mahege, naye ni bibi wa watu. Kila Idi anakuja kunitazama, na tukishakula namwambia, "Hebu nisomee." Hakuna haja ya kumwambia nini. Anakunja miguu yake inayouma, anaanza kuyumba, mvi zinamtoka chini ya ushungi, na sauti inakuwa ile ile nyembamba isiyopumzika mahali pake.

Mwaka mmoja alinionea huruma. Alipofika mwisho hakunyamaza, akaendeleza kwa mghano ule ule: "Na wewe nimekusamehe, nisubiri." Nilimgeukia kwa ukali kama vile bado ana miaka tisa. Chuoni hakuna ruhusa ya kuongeza hata nukta, yeye ndiye aliyenifundisha. Akaniomba radhi, tukanywa chai. Usiku huo wote maneno yake yalinibembeleza, na nilimwonea haya kwa jinsi nilivyoyataka.

Idi hii iliyopita alisoma tena. Salamu sana. Mimi mzima. Maji yakishuka nitakuja. "Na wewe..." akaishia hapo, akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu, hapo pananitosha."

Mwongo mimi. Hapajanitosha hata siku moja.