Nyongo Kwenye Chungu cha Futari

Sogea hapa, rafiki yangu, nikueleze habari ya nyongo ya kuku. Haitaki haraka, kwa hiyo kaa vizuri.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sebuleni kwangu hapa Kibaha, nashona vifungo, na binti yangu alikuwa jikoni anasafisha kuku wa kienyeji. Kuku huyo nilimnunua kwa mama mmoja anayeleta matenga yake kutoka Gwata. Binti yangu akiwa jikoni huimba. Ghafla wimbo ukakatika. Nikasikia maji ya bomba yanamwagika tu, muda mrefu kuliko unaohitajika kuosha kuku mmoja. Nikaweka sindano chini. Ukimya ule naujua. Niliwahi kuwa ndani yake nikiwa na miaka tisa, nyuma ya nyumba ya bibi yangu kule Msimbu, Kisarawe, vidole vyangu vikiwa vya kijani.

Mama yangu wakati huo alikuwa akifanya kazi huku Kibaha, mimi nalelewa na bibi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imezungukwa na mihogo na mikorosho. Asubuhi niliamka kwa sauti ya ufagio wa njukuti za mnazi uwanjani, na kama bibi hakuwa ameshika ufagio huo, basi ulikuwa unanisubiri mimi. Ng'ambo ya mihogo ilionekana nyumba ya mdogo wake wa kiume, ambaye nilimwita babu. Yeye aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na tukikutana njiani alikuwa akinidai chai ya asubuhi ambayo eti sijampelekea.

Lakini yeye na bibi walikuwa hawasemezani. Miaka mitatu. Mpakani mwa mashamba yao palikuwa na minazi minne, na baba yao alifariki bila kusema ni ya nani. Bibi alisema aliipanda yeye kwa mikono yake na kuimwagilia kwa maji aliyobeba kichwani. Babu alisema minazi hufuata shamba, na shamba aliachiwa yeye. Maneno waliyorushiana sikuyasikia. Nilichokiona ni hiki: siku ya khitma ya mume wa bibi, babu alikuja, akakaa, akaomba dua na wenzake. Pilau lilipofika mbele yake akaweka mkono kifuani, akasema ameshiba. Hata maji hakunywa. Uwanja mzima uliona.

"Mbona babu hali?" nilimuuliza jirani yetu.

"Analilinda tumbo lake," akasema, kisha akanifinya nikae kimya.

Ilinichukua muda kuelewa. Babu aliogopa kwamba dada yake angemtilia kitu. Hakuna aliyelitamka neno hilo, lakini kila mtu alilijua, na bibi alilijua kuliko wote. Tangu siku ile sikuwahi kumwona akipita mbele ya nyumba ya babu.

Ndiyo maana Ramadhani ile, jirani alipoleta ujumbe kwamba Ijumaa babu angekuja kufuturu kwetu, bibi alikaa kizingitini. Baadaye akainuka, akaenda kumtazama jogoo wake.

Nami Ijumaa hiyo nilikuwa na jambo langu. Miaka ya nyuma nilikuwa nafunga mpaka adhuhuri, kisha najificha nyuma ya jiko na kiporo, na watoto wenzangu wakaniita kobe, jina la wale wanaokula mchana kwa siri. Safari hii niliapa kufunga siku nzima. Tatizo ni kwamba kila Ramadhani mwonja chumvi wa nyumba ile nilikuwa mimi.

"Sasa leo chumvi ataonja nani?" jirani aliuliza alipokuja kutusaidia kumenya muhogo. "Kobe wetu kahama."

"Mimi siyo kobe!"

"Haya, shehe, nisamehe. Tutapika kwa macho." Akamgeukia bibi. "Si ugusishe ncha ya ulimi uteme? Haifunguzi hiyo."

"Leo hapana," bibi akasema. "Leo ulimi wa mtu haugusi chungu hiki mpaka mwenyewe akae mkekani. Halafu nitaanza mimi, mbele yake."

"Utatoa sumu," jirani akacheka.

Ni utani wa kila siku, unaujua: ukimpa mgeni kinywaji unapiga funda la kwanza wewe, unasema umetoa sumu, mnacheka. Bibi hakucheka. Jirani akarudi kwenye muhogo wake, akaendelea kumenya.

Nikueleze chungu chenyewe, maana huenda ukataka kukipika. Jogoo wa kienyeji ni mgumu, hivyo yeye huanza. Unamkata vipande, unamsugua ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, unambandika na maji mpaka nyama ianze kulegea. Hapo unatia vitunguu na muhogo uliokatwa mapande manene, unamimina tui la pili, lile jepesi, unafunika. Muhogo ukipasuka unamalizia na tui zito, na kuanzia hapo unakoroga polepole bila kuondoka, lisikatike. Kila kitu kinaiva humo humo, na kila kitu kinachukua ladha ya mwenzake. Huo ndio uzuri wake. Siku ile ndiyo ilikuwa hatari yake.

Mume wa jirani alitoka kuswali Ijumaa akatuchinjia. Bibi akamnyonyoa jogoo kwa maji ya moto, akambabua manyoya madogo juu ya miali ya moto, akampasua, akanikabidhi bakuli la vitu vya ndani kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Yeye akakaa kwenye mbuzi, kile kigoda chenye meno ya chuma, akaanza kukuna nazi. Zilikuwa mbili, na nilizijua. Zilikuwa zimeanguka kutoka minazi ile ya mpakani.

"Ukifika kwenye ini, kata pana," akaniambia bila kugeuka. "Usiionee huruma nyama."

Nyongo ni kifuko kidogo cha kijani, kama punje kubwa ya harage, kimejibanza chini ya ini. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya kitunguu. Njia salama ni kukata kipande cha ini pamoja nayo na kutupa vyote. Mimi sikukata. Ini lile lingewekwa mbele ya babu, na nilitaka liwe zima, zuri, lisilo na pengo. Nikakishika kile kifuko kwa kucha mbili, nikavuta.

Hakikutoa sauti. Niliona tu maji ya kijani yanatambaa juu ya ini, yanaingia kwenye firigisi na kushuka mpaka kiganjani.

Ningeweza kusema. Bibi alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Lakini jirani alikuwa pale, na ulimi wake ungeifikisha habari kisimani kabla yangu. Na bibi tangu alfajiri alikuwa na uso ambao sikutaka kuuongezea kitu. Nikamwaga maji, nikaosha. Nikakamua ndimu, nikaosha tena. Firigisi ikatakata. Ini likabaki na ukingo wa kijani. Nikalilaza upande huo chini, nikampelekea bibi bakuli. Akalipindua lote chunguni bila kutazama.

Harufu iliyotoka jioni ile sijawahi kuisahau: tui, tangawizi, moshi wa kuni za mkorosho. Nyongo haina harufu. Ungekuwepo ungesema hakuna chungu kilichopata kupikwa vizuri zaidi.

Jirani akaenda kwake kuandaa futari yake. Bibi akaingia ndani kujiandaa kwa magharibi. Nikabaki mimi na upawa. Nilijua kwamba nisipoonja sitajua, na nikionja mimi ni kobe. Nikatazama mlango. Nikadondosha mchuzi kiganjani, nikagusa kwa ulimi, nikatema. Mpaka leo sijui kama nilitema wote.

Kwanza ulikuja utamu wa nazi. Kisha, kule nyuma ya ulimi, ukaja uchungu, ukakaa.

Bibi alipotoka nilimwita. "Bibi."

"Kiu? Vumilia, mwanangu, jua limekwisha."

"Bibi, mimi..."

"Hodi wenyewe!"

Babu alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, kanzu yake imenyooshwa, mkononi ana mfuko wa tende. Bibi akafunga kanga yake upya. "Karibu," akasema.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Kwa desturi wanaume hufuturu barazani na wanawake uani. Siku hiyo bibi alitandika mkeka mmoja katikati ya uwanja. Adhana ilisikika kutoka ng'ambo. Tukafungua kwa tende alizoleta babu na maji ya mtungi wetu, na nikaona kwamba maji babu aliyagusisha midomoni tu, kikombe kikarudi kimejaa. Bibi naye aliona. Akapakua sinia, akaweka ini juu, upande wa babu. Akasema bismillahi, akamega muhogo, akauchovya mchuzini, akaula.

Babu hakuwa anatazama chakula. Alikuwa anatazama koo la dada yake.

Nikaona taya la bibi limesimama. Hakukohoa wala hakukunja uso. Alimeza. Kisha mkono wake ukabaki hewani juu ya sinia. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililielewa: akisema chakula ni kibaya, babu atainuka. Akimwambia ale, babu atauonja ule uchungu na atainuka vilevile, na kesho Msimbu nzima itakuwa na jibu lake.

"Vipi, dada?" babu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Nimepasua nyongo! Nimeosha na ndimu haikutoka. Bibi hajui. Na nimeonja, babu, nimeonja jua halijazama, mimi ni kobe." Nikalia kwa kwikwi.

Babu akalichukua ini, akaligeuza kwenye mwanga uliobaki, akaona ule ukingo. Akalinusa. Akaligusisha ulimini, akatema mchangani.

"Nyongo," akasema, kama mtu anayejisomea barua. Kisha akanigeukia. "Kumbe anayetaka kuniua ni wewe, mke wangu. Na mimi miaka yote namsingizia dada."

Neno likawa limetoka. Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia kweli, huku anajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mshenzi wewe," akamwambia mdogo wake. "Miaka mitatu?"

"Mitatu, dada. Nisamehe."

"Kula basi."

"Nakula. Nisogezee hiyo ndimu."

Sitakudanganya: chakula kile kilikuwa kichungu. Tulikamulia ndimu, tukala, tukakunja nyuso, tukaendelea. Katikati babu akauliza nazi ni ya wapi.

"Unaijua," bibi akasema.

"Naijua," babu akajibu, akachovya tena. Halafu akakiomba kile kikombe cha maji, akakimaliza.

Habari ya minazi sikusikia wakiizungumza tena. Ila kila zilipoangushwa nazi, nilizikuta zimepangwa mafungu mawili mpakani, na kazi ya kubeba letu ilikuwa yangu. Bibi aliniambia siku ile niliyoonja tutailipa, na baada ya Idi tukailipa, mimi na yeye, siku moja, ili nisifunge peke yangu. Jirani hakupata kujua, au alijua akanistahi.

Wote watatu wamekwishalala makaburini. Nilipita Msimbu mwaka jana. Minazi haipo hata mmoja. Mashamba yale mawili yamekatwa viwanja, na mahali tulipotandika mkeka pana ukuta wa matofali na geti jeusi. Niligonga ili niombe tu kuchungulia, hakuna aliyefungua. Nilisimama pale kidogo, nikijaribu kukisia jiko lilikuwa wapi, nikashindwa. Siku hizi hata kuku wengi tunawanunua wamekwishasafishwa, nyongo imekwishatolewa na mtu tusiyemjua, na mtoto anaweza kukua asijue kuwa kuku ana kitu kama hicho ndani yake.

Basi Jumamosi ile nilikuwa nimekaa, sindano chini, nasikiliza maji ya bomba. Nilitaka kwenda. Nikajizuia. Maji yakafungwa. Binti yangu akaja mlangoni, mikono mbele, vidole vya kijani.

"Mama, nimeharibu. Kitu kimepasuka."

Sijui kama aliona jinsi nilivyoshusha pumzi. Tuliingia jikoni pamoja, tukatupa ini lote, tukaosha nyama kwa ndimu na chumvi, tukabandika chungu. Kilikuwa kitamu.

Nawe ukiwa na kuku wako, fanya hivi. Ukifika kwenye ini, kata pana. Na nyongo ikikupasukia, mwite aliye karibu umwambie, kabla hujatia nyama chunguni.