Siitiki Grani

Mkamwana wangu sikumpenda, na yeye hakujisumbua kunipenda. Nalisema hili mapema nisije nikaonekana mnafiki baadaye. Yeye alikuwa karani katika ofisi moja mjini Machakos, mtu wa viatu vya visigino na kucha za rangi. Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Masii, na baada ya chaki nilibaki na shamba la mbaazi. Kilichotuunganisha ni mwanangu, na mwanangu ni bendera, hufuata upepo.

Ndiye aliyekuja kunichukua, Jumapili moja mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa ndiyo nimetoka kanisani. "Mwaitu," akaniita. Kwetu hiyo ni mama yangu, na yeye huikumbuka akiwa na shida. "Mwaitu, anti ametuacha, na mtoto ako na intavyu mwezi huu. Kuja utusaidie. Si wewe ni mwalimu?"

Anti ndilo jina watoto wa mjini wanalomwita msichana wa kazi. Aliyekuwepo alikuwa akimpeleka mtoto nasari asubuhi na kumrudisha mchana, kisha siku moja akafunga virago bila kuaga. Nilipokaa katika nyumba ile siku mbili nikamwelewa.

Intavyu yenyewe ilikuwa ya kuingia darasa la kwanza katika akademi moja iliyokuwa nje kidogo ya mji. Waliotaka walikuwa wengi na viti vilikuwa vichache. Nilifundisha shule za serikali maisha yangu yote, lakini sikuwa mjinga wa kujidanganya. Niliyajua madarasa yale, watoto wamebanana sakafuni na kitabu kimoja kinazunguka safu nzima. Nilitaka aingie akademi. Nilitaka hata kuliko mama yake, kwa sababu kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na mtoto yule alikuwa na jina langu. Akishindwa, ninashindwa mimi.

Nilianza na hesabu. Nilikuwa nimebeba mbaazi kavu, nikazimwaga mezani, tukaanza kuzipanga kumi kumi. Mtoto alikuwa mwepesi kama mimi nilivyokuwa. Alihesabu kwa Kiingereza mpaka akakwama, nikamvusha kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, akacheka, akarudi kwenye Kiingereza na kuendelea mbele kuliko pale alipokwamia. Hivyo ndivyo mtoto anavyofundishwa, mguu mmoja ukiwa mahali anapopajua.

Mkamwana aliingia tukiwa kwenye itatu.

"Mami, tafadhali," akasema, hata mkoba hajaweka chini. "Hapa kwangu hakuna Kikamba. Huyu mtoto ataulizwa kwa Kizungu, si hiyo lugha ya huko Masii."

"Huko Masii ndiko mume wako alikofundishwa kusema."

"Na ndio maana anaongea hivyo."

"Mkataa kwao ni mtumwa," nikamwambia.

"Basi mimi ni mtumwa mwenye kazi, Mami. Wacha nivue viatu."

Kesho yake alirudi na diski. Kama hukusoma shule zetu, nitakueleza. Ni kibao kidogo chenye uzi, na ukinaswa ukisema lugha ya nyumbani unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwingine. Nilivishwa nikiwa mtoto, na nikiwa mwalimu nilikataa kumvisha yeyote, jambo lililonigombanisha na wakuu wangu mara nyingi. Sasa nilikiona kinaning'inia kwenye msumari jikoni mwa mwanangu, kipya, kimepigwa msasa.

Mtoto hakuona ubaya wowote. Kwake ulikuwa mchezo. Asubuhi moja nilipomwambia kwa Kikamba aje anywe uji, alikimbilia msumari, akapanda kiti, akanivisha mimi. "Susu, umenaswa!" akasema, akipiga makofi. Susu ndiye nyanya. Alipogundua kwamba neno lenyewe lilikuwa Kikamba, makofi yalikoma, akanivua kibao akajivisha mwenyewe, uso umemshuka.

Nilimvua. Nikakitia kibao kile kwenye jiko la makaa, uzi na kila kitu, nikaweka sufuria ya uji juu yake. Uji ulichemka vizuri.

Jioni ilikuwa vita. Mwanangu alikaa katikati yetu akiangalia habari kwenye televisheni iliyozimwa. Mkewe alisema nimekuja kumharibia mtoto maisha. Mimi nikamwambia maisha ya mtoto yalikuwa yakiendelea vizuri mpaka alipofika yeye kutoka ofisini. Siku iliyofuata kulikuwa na kibao kingine msumarini, kikubwa zaidi, na amri mpya juu yake. Mtoto asiniite Susu tena. Aniite Grani.

"Grani ni nini?" nikauliza. "Nilifikiri ni dawa ya kunguni."

"Ni heshima, Mami. Watoto wote wa akademi wanasema hivyo."

Basi nikaamua, naye asikie. Siitiki Grani. Mtoto akiniita Grani, niliendelea kuchambua mboga. Akiita mara ya pili, nilitazama dirishani kana kwamba huyo Grani yuko nje anapita. Akiniita Susu, niliitika haraka, lakini mama yake akiwa karibu mtoto alivishwa kibao. Ikafika mahali mtoto akawa haniiti kabisa. Alikuja tu, akavuta rinda langu, akaonyesha kwa kidole anachotaka. Mama yake alisema hiyo ni kazi yangu. Nikamjibu ni yake.

Masomo hata hivyo hayakusimama. Mkamwana alileta kitabu cha picha chenye tunda la epo na nyumba ya barafu, nami nikamuuliza ni nani Machakos anayeishi ndani ya barafu, kisha nikamfundisha mtoto vyote viwili. Nilimfundisha rangi kwa nguo zilizokuwa kwenye kamba. Nilimfundisha kusimama wima, kumtazama mkubwa usoni, kusema jina lake lote bila kumung'unya. Kiingereza changu kilikuwa cha zamani lakini kilikuwa kizima.

Siku ya intavyu mwanangu alikuwa kwenye shifti kule kiwanda cha saruji Athi River, na mkuu wa mkamwana alimnyima ruhusa. Ikabaki mimi.

"Mami, vaa koti langu," akaniambia. "Na usiongee sana."

Koti lake nililiacha kitandani. Nilivaa sweta yangu, nikajifunga leso kiunoni, kitambaa kichwani, na raba zangu miguuni. Sikuwa nakwenda kuazima uso wa mtu ili nimpeleke mtoto wa mwanangu shule.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani na kalamu nyekundu. Mtoto aliketi mbele yake, mimi kwenye kiti cha ukutani. Akamwonyesha rangi, akazitaja zote. Akamwambia ahesabu, akahesabu mpaka akaambiwa inatosha. Epo, nyumba ya barafu, pembetatu, duara. Kila jibu mwalimu alitia tiki, na kila tiki niliihisi mwilini, kwa maana nimetia tiki maishani mwangu na najua uzito wake. Alipoulizwa jina alisimama wima, akalitaja lote, la ubatizo na lile langu. Nilifurahi hata nikasahau kuwa na hasira.

Kisha mwalimu akageuza kalamu kuelekea kwangu, akamuuliza kwa Kiingereza, "Na huyu aliyekuleta ni nani?"

Mtoto akanitazama. Midomo yake ilianza Su, ikafunga. Mkono ukaenda shingoni, pale kibao huning'inia. Nikaona akijaribu lile lingine, na nikaona akikumbuka kwamba huyo Grani haitiki. Akamtazama tena mwalimu, ambaye alikuwa anangoja, kisha akapata. Mtu anayekupeleka shule na kukurudisha ana jina, na yeye alilijua.

"Anti," akasema.

"Vizuri sana," akasema mwalimu mkuu, akatia tiki. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuagiza chai. "Anti, sasa unaweza kungoja huko nje na wenzako."

Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kumpa mwanamke yule vidonge vyake. Kilikuwa kimenijaa mdomoni. Lakini ningefungua mdomo, mtoto angekuwa mwongo, na mimi najua kalamu nyekundu inavyorudi nyuma ikafanya tiki kuwa kosa. Nikasimama, nikatoka.

Nje, kando ya tanki la maji, kulikuwa na benchi la wasichana wa kazi waliowasindikiza watoto. Wakanisogezea nafasi.

"Karibu, mama," mmoja akasema. "Wewe umeandikwa wapi?"

"Kwa karani mmoja mjini."

"Ni mkali?"

"Mkali."

"Na umri huo wako! Toroka, mama," akasema, na wenzake wakanihurumia kwa dhati kuliko nilivyohurumiwa tangu nitoke Masii. Nilikaa pale nikimtukana mkamwana moyoni kwa lugha zote tatu.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu mkuu alitoka, mkono wake begani mwa mtoto, akimwambia kwamba watamwona Januari. Mtoto alikuwa anang'aa. Alinitafuta kwa macho kwenye benchi, akaniona, akaita kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya wazi niliyomfundisha mwenyewe.

"Anti, twende!"

Wasichana wote waliinua vichwa, kila mmoja akidhani ni wake, kisha wakaviinamisha. Mwalimu mkuu alikuwa bado amesimama mlangoni na kalamu yake.

"Nakuja," nikaitika. Nikainuka, nikamchukulia mkoba.