Alama ya Korosho

Mimi sikuzaliwa na subira, na mkono wangu wa kushoto unashuhudia. Una alama mbili za chanjo, na moja ni ya uongo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kabla ya vita vikuu vya pili, mchanjaji alipofika Mtambile na kisanduku chake. Mama alikuwa Chake Chake, shangazi yangu yuko shambani anachuma karafuu, mimi nikasukumwa mstarini na majirani. Mchanjaji alinikwaruza mkono, akapaka dawa.

"Hii ni ndui ya ng'ombe, ndogo," alisema. "Mwili utapigana nayo uijue. Ndui yenyewe ikija, itakuta mwili umeshajifunza. Kidonda kitatunga usaha. Msikioshe, nitarudi kukagua."

Usaha, na Idi inakuja, na gauni langu limeshonwa mikono mifupi! Nilifika nyumbani nikausugua mkono kwa ndimu na majivu. Siku ya kukaguliwa ilipokaribia nikaanza kuhangaika, maana wenzangu wote walikuwa na vidonda na mimi sina kitu. Nikafanya kama walivyofanya wasichana wa kwetu wakitaka kujitia alama: nikapasua korosho mbichi, nikajipaka mafuta ya ganda lake. Yaliniunguza hasa. Mchanjaji alitazama upesi upesi, akaridhika. Gauni lenyewe sikulivaa, mkono ulikuwa umevimba.

Haukupita mwezi, ndui ikaingia kambini kwa wachumaji, na shangazi akaipata. Kwa desturi yetu mgonjwa alijengewa banda la makuti mwisho wa shamba, na wa kumhudumia ni yule tu aliyekwisha kuugua au kuchanjwa. Baba alikuwa Unguja. Mama alikuwa mjamzito, hajachanjwa. Nyumba nzima mwenye alama nilikuwa mimi.

Mama aliniamini kabisa. Alinipa kibuyu cha uji, akanifunga kanga vizuri. Nilitamani kumwambia, lakini miguu ilikuwa imeshaanza njia.

Siku ya kwanza niliumimina uji kwenye kifuu cha nazi, nikakiweka mbali na mlango wa banda, hatua kama ishirini. Sauti ikatoka ndani.

"Ngia, mwanangu. Si umechanjwa weye?"

Nilikimbia. Mama akauliza, "Kanywa?" Nikasema kanywa. Kutwa sikukaa mahali pamoja. Nilichambua karafuu, nikaziacha, nikachota maji yasiyohitajika, kila mara nikijigusa paji la uso kutafuta homa. Nilimwogopa shangazi, na nilijichukia kwa kumwogopa, maana ndiye aliyenilea mama alipougua baada ya kunizaa.

Siku ya pili nilikuta kifuu kimejaa sisimizi, uji umo vile vile. Nikaweka kingine, nikaondoka.

Siku ya tatu nililia palepale penye sisimizi, nikamwambia yote kwa sauti, ndimu, majivu, korosho na gauni.  

"Weka uji hapo hapo," alisema kutoka ndani. "Rudi nyuma mpaka kwenye mkarafuu. Na mamako asijue. Akijua atakuja mwenyewe, na ana mimba."

Akatoka. Hakuweza kusimama. Alitambaa juu ya changarawe, uso wote umejaa malengelenge, akanywa huku ameinamia kifuu, akatambaa kurudi. Mimi nilisimama nimekumbatia mti. Siku zote zilizofuata ilikuwa hivyo, nami kila siku nilitaka kumkimbilia na kila siku sikwenda.

Mchanjaji alirudi kwa ajili ya ndui ile. Nilikuwa wa kwanza mstarini, nikampa mahali pengine kwenye mkono uleule. Safari hii sikuosha. Niliangalia usaha ukitunga, nikaona raha kila ulipouma.

Shangazi alipona, uso umebaki na makovu. Mama alipokuwa akimsaidia kukoga, nikiwa nimeshika ndoo, aliona magoti yake yamechubuka mpaka nyama.

"Na haya magoti, wifi yangu?"

"Sala," shangazi alisema. "Nimesujudu sana kule."

Mama alijua vizuri kuwa mgonjwa huswali hata amelala. Aliyatazama magoti, akautazama mkono wangu wenye alama mbili, kisha akanyoosha wake kupokea ndoo. Sikuweza kuiachia.