Mrija Uliozima Nyota ya Wamarekani

Mimi Echodu wa Malaba niliwahi kuambiwa nirudishe nyota mbinguni, bunduki ikiwa shingoni. Kaeni niwaambie.

Ni 1973. Redio ilitangaza Wamarekani wamerusha roketi na chombo kikubwa, watu wanaishi huko juu. Nikawa mgonjwa wa hicho chombo! Kila jioni niko nje, shingo juu, mpaka kipite.

Siku moja nikavuka mto wa mpakani kwenda kwa wakwe zangu, upande wa Uganda. Tumezunguka mtungi wa ajono, kila mzee ananyonya pombe na mrija wake mrefu. Mama mkwe alikaa mbali, kule jikoni. Sisi Wateso, mkwe hasogelei mama mkwe. Kunywa naye mtungi mmoja ni mwiko kabisa.

Giza likianza, nikakiona kile chombo kinakuja, kama nyota inayotembea. Nikavua kichungio cha mrija, nikakung'uta pombe, nikafunga jicho moja, nikakilenga kupitia tundu la mrija.

"Unapiga nini?"

Askari wawili wa jeshi! Hata hatukuwasikia wakija.

"Natazama tu, afande. Ile nyota inatembea."

Wakatazama. Na hapo hapo nyota ikafifia, ikapotea. Ilikuwa imeingia kwenye kivuli cha dunia, ndiyo tabia yake. Lakini utamwelezaje mtu ameshika bunduki?

"Umetungua ndege yetu!" Mmoja akaniwekea bunduki shingoni.

"Haki ya Mungu, afande..."

"Rudisha! Ama panda gari letu."

Siku hizo ukipanda hilo gari, kwenu wanaanza matanga bila maiti. Wazee wakainamia mtungi. Nilijikojolea, sitaficha.

Mara gomesi, lile gauni refu la kina mama, ikapita mbele yangu. Mama mkwe! Akaninyang'anya mrija, akautumbukiza kwenye mtungi wetu, akanyonya. Bila kichungio, machicha yote yalimjaa mdomoni. Akameza.

"Bunduki gani hii inatoa pombe? Jaribuni."

Askari wakatazamana. Mmoja akacheka. Wakaketi, wakanywa, wakanisahau.

Mama mkwe akanipitisha migombani mpaka mtoni. Tangu nioe binti yake hatukuwa tumesemezana hata neno.

"Kwani uliipigia nini hiyo ndege?" akauliza, uso kando.

"Mama! Hata wewe uliamini?"

"Si niliona na macho yangu? Lakini wewe ni baba wa wajukuu wangu. Vuka haraka."

Mbuzi wa kusafisha ule mwiko nilimtoa mimi, na roho nyeupe.

Kwa hivyo, vijana, mama mkwe akikukwepa usidhani hakupendi. Na roketi mimi bado naangalia, lakini mikono iko mfukoni.