Nilipeleka Siri ya Mwanafunzi Wangu Kwenye Maombi ya Jumuiya

Admin, nifichie jina na shule, maana hapa Morogoro tunajuana. Mimi ni mwalimu wa kike, miaka arobaini na mbili, nafundisha sekondari ya bweni ya wasichana. Nina mume na watoto wawili. Visa vya humu nilikuwa nasoma na kuwahukumu wenzangu. Leo zamu yangu, mnihukumu tu.

Shuleni kwetu wanafunzi wamegawanywa kwenye vikundi vidogo tunavyoviita familia. Kila familia ina wasichana kumi na wawili na mwalimu mlezi, wanamwita mama. Jumatano saa kumi jioni kila mmoja anakuja na ndoo yake, anaigeuza, anakalia, tunafanya duara nyuma ya bwalo. Hatusomi kitu. Kila mtu anasema wiki yake imekwendaje. Msidharau. Nimeona mtoto aliyekuwa akililia kwao kila Jumapili akaanza kucheka, kisa tu kuna wenzake wanaomuuliza, "We, umekula?" Sheria ni moja, niliiandika mwenyewe kwenye karatasi ya manila: yanayosemwa hapa yanabaki hapa.

Kuna binti nimwite Rehema, kidato cha pili, kwao Mgeta huko milimani, wazazi wanalima kabichi na karoti. Zamu yake ikifika ni "Mimi salama, mama," basi. Jumatano moja muhula huu akafunguka. Akasema kijijini watu wanajua mama yake yuko Turiani anamuuguza dada yake. "Hakuna mgonjwa, mama. Amepata mwanaume mwingine huko. Baba ametukataza kusema. Anasema mama yenu atarudi, na akirudi asikute ameshaaibika." Alilia mpaka kwikwi. Wenzake wakasogeza ndoo zao, wakamkumbatia. Wiki ile nilimwona anakula, anacheka, hata hisabati akanyoosha mkono. Nilifurahi sana.

Sasa mimi na kiherehere changu. Jumamosi asubuhi tulikuwa na jumuiya kwa jirani. Tukafika kwenye nia za maombi. Yule mtoto nilikuwa naye moyoni wiki nzima, nikaona nimpeleke kwa Mungu. Jina sikutaja, jamani, naapa! Nilisema, "Tumwombee binti mmoja wa shuleni kwetu, wa Mgeta. Mama yake amewaacha, yuko Turiani na mwanaume mwingine, na baba anaficha." Watu wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Kulikuwa na mama mmoja mgeni, kaja kumsalimia mwenye nyumba. Kumbe ndiye shangazi yake Rehema, dada wa baba yake. Alipanda milimani siku ileile, akawaambia ndugu zake kwamba mtoto anatangaza mambo ya nyumbani huko shuleni; alikoyasikia hakusema.

Wiki mbili hazikuisha, baba mtu akaja. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni mwa ofisi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimwambia binti yake, "Mama yako alishakubali kurudi. Ndugu zangu wamempigia simu, wamemtukana, sasa amesema harudi tena. Umeridhika?" Rehema akapiga magoti, "Baba, nisamehe." Nami na chaki yangu mkononi nikageuka, nikaenda zangu darasani.

Wasichana wakaanza kutafuta nani kavujisha. Katika familia yetu yuko mmoja tu anayetoka Turiani, nimwite Amina, baba yake anafanya kazi kiwanda cha sukari. Wakasema ni huyo, nani mwingine ana watu Turiani? Tangu hapo ndoo ya Amina inakaa peke yake. Akiisogeza, nao wanasogea. Bwaloni anakula peke yake, na siku nyingine hali kabisa. Rehema naye karudi kulekule, "Mimi salama, mama."

Mume wangu anasema nyamaza, watoto husahau. Lakini hawa hawasahau, nawaona kila siku. Na nikisema ukweli naogopa, si kwa ajili yangu tu, ingawa kwa ajili yangu pia. Naogopa hakuna mtoto pale atakayemfungulia mwalimu mdomo tena. Familia itakuwa imekufa, na mimi ndiye niliyeiua.

Jumatano iliyopita Amina alinifuata ofisini kabla ya kikao. Amekonda, we acha tu. Akasema, "Shikamoo, mama. Nimemwapia Rehema kwamba si mimi, hataki kusikia. Nimechoka kukaa peke yangu. Nimeamua nikubali tu kwamba nilisema mimi, nimwombe msamaha mbele ya wote, labda watanirudisha. Leo sina nguvu, nitasema Jumatano ijayo. Nimeona nianze na wewe. Nisamehe, mama."

Ndugu zangu, nilikuwa na nafasi pale, tuko wawili tu, mlango umefungwa. Nikamshika mkono yule mtoto, nikamwambia, "Nimekusamehe."

Akanishukuru. Akachukua ndoo yake akaenda.

Jumatano ni keshokutwa, saa kumi, na Amina atasimama kwenye duara kutubu dhambi yangu. Nitukaneni, ni haki yenu, ila mkimaliza nishaurini: niwaambie nini wale watoto, na nianze na nani?