Dada Yake Bibi Ruth

Juzi, kwenye televisheni ya hospitali ninakofanya kazi, niliona makundi mawili ya Wamarekani yakitukanana, polisi wakiwa katikati. Nikamkumbuka Bibi Ruth, mzee wa Kimarekani ambaye mama alikuwa akimhudumia nyumbani kwake, mjini Campbelltown.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mama alinichukua kazini kwake; nyumba ilinukia poda na supu iliyopoa. Simu ikalia. Bibi akaitazama tu.

"Ni dada yangu," alisema. "Shule yetu, iliyokuwa ya weupe tu, ilipofunguliwa kwa watoto weusi, mimi niliwapokea mlangoni. Yeye na baba walisimama barabarani wakiwazomea. Mwaka ule baba alikihama chama alichokipigia kura maisha yake yote, kwa kuwa kiliwatetea watoto hao, na mimi nikahama nyumbani."

Utoto ni utoto. Nilidhani ugomvi ulikuwa wa madawati, kwamba hayakutosha.

"Mimi ningekaa sakafuni, Bibi," nilimwambia.

Mama aliacha kukunja shuka. Simu iliendelea kulia, kisha ikanyamaza.

Bibi Ruth alinigeukia.

"Ungekaa sakafuni, mwanangu," alisema, "na bado wangekuzomea. Halafu wangerudi nyumbani kuwafundisha watoto wao kuzomea."